Kompyuta mpakato inapoikataa CD ya ukarabati

CD ya ukarabati ni CD au DVD iliyobeba mfumo mdogo unaojitegemea, unaoweza kuiwasha kompyuta bila msaada wa diski iliyomo ndani yake. Hutumika pale Windows inapogoma kufunguka. Mashine huwashwa kupitia CD hiyo, kisha diski hukaguliwa, faili za kuwashia hurekebishwa au kazi za mwenyewe huokolewa. Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo tiba yenyewe hukataliwa: CD imo ndani, lakini kompyuta inarudi kwenye hitilafu ileile au inabaki na skrini nyeusi. Mara nyingi kukataa huko hakutokani na diski mbovu iliyokusudiwa kutibiwa. Chanzo huwa katika hatua chache zinazopita kati ya kubonyeza kitufe cha kuwashia na kusomwa kwa CD, na kila hatua inaweza kupimwa peke yake.

Kompyuta imefika wapi?

Umeme ukiingia, kinachoanza kufanya kazi ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya bodi mama. Katika kompyuta za zamani programu hiyo ni BIOS, jina lililoenezwa na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Katika za miaka ya karibuni ni UEFI, ingawa mafundi wengi bado huziita zote BIOS. Programu hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na skrini, kisha hupitia orodha ya vifaa: diski ya ndani, CD, flashi, mtandao. Kifaa cha kwanza kukutwa na programu ya kuwashia ndicho hukabidhiwa mashine.

Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu CD, ni vyema kuangalia kompyuta imekwama wapi. Ikiwa nembo ya kampuni haionekani kabisa, zamu ya CD haijafika; kinachotakiwa kukaguliwa ni chaja, betri, skrini na vibao vya kumbukumbu. Ikiwa nembo inaonekana na ukurasa wa mipangilio ya BIOS unafunguka, sehemu kubwa ya mashine ni nzima, na uchunguzi unaweza kuendelea.

Zamu na vitufe

Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuanza na diski ya ndani. Hapo CD haitasomwa mpaka mtumiaji aombe. Njia nyepesi ni menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe maalumu mara kadhaa mara tu baada ya kuwasha. Kwenye Dell na Lenovo ThinkPad ni F12. Kwenye HP hubonyezwa Esc kisha F9. ASUS nyingi hutumia Esc. Acer nayo hutumia F12, lakini mara nyingi menyu hiyo lazima iruhusiwe kwanza ndani ya BIOS. Kompyuta za Apple zenye kichakato cha Intel hufungua menyu hiyo kitufe cha Option kinaposhikiliwa.

CD za Windows zina kikwazo kingine kidogo. Zinapoanza, huleta ujumbe wa kumtaka mtumiaji abonyeze kitufe chochote. Ujumbe huo hukaa sekunde chache tu. Asipobonyeza, kompyuta huendelea kwenye diski ya ndani kana kwamba hakuna CD.

Tangu Windows 8 kuna pia mpangilio wa kuwaka haraka. Kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu: sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili irudishwe upesi, na baadhi ya kompyuta huruka hatua za kusubiri vitufe na kutambua vifaa vya USB. Windows ikiwa bado inafunguka, agizo la kuwasha upya hufaa kuliko la kuzima, kwa sababu hulazimisha mashine ianze mwanzo kabisa. Kushikilia Shift wakati wa kutoa agizo hilo huleta menyu yenye nafasi ya kuchagua kifaa kingine.

Kompyuta za mtumba zilizowahi kumilikiwa na makampuni huweza kuja na nenosiri la BIOS lililowekwa na mmiliki wa kwanza. Bila nenosiri hilo orodha ya vifaa haibadiliki, na ni jambo la kuulizwa kwa muuzaji kabla ya malipo.

CD yenyewe

Kosa linalojirudia sana hutokea wakati wa kuchoma CD. Programu za ukarabati husambazwa kama faili moja yenye mwisho wa .iso, ambayo ni picha kamili ya CD. Faili hiyo ikinakiliwa kama wimbo au waraka wa kawaida, CD haiwezi kuwasha chochote. Kipimo chake ni rahisi: CD ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine. Ikionyesha faili moja tu ya .iso, imechomwa vibaya. Ikionyesha mafolda na faili mbalimbali, imechomwa ipasavyo. Windows 7 na zilizofuata zina zana yao ya kuchoma picha ya CD, hivyo hakuna haja ya kununua programu.

Ukubwa nao uangaliwe. CD hubeba takriban MB 700, na DVD ya tabaka moja GB 4.7. Kuchoma kwa kasi ndogo hupunguza makosa, na faili iliyopakuliwa ilinganishwe na alama yake ya SHA-256 iliyotangazwa na watengenezaji, kwani upakuaji uliokatika katikati huzaa CD inayoanza na kuishia njiani. Kisha CD hiyohiyo ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Ikiwaka huko, CD ni nzima na hitilafu iko upande wa mashine ya kwanza.

Kisomaji

Kisomaji cha CD huchakaa kwa vumbi na umri. Visomaji vya DVD hutumia miale miwili ya leza, mmoja wa nanomita 780 kwa CD na mwingine wa nanomita 650 kwa DVD. Mmoja unaweza kufa na mwingine ukabaki, ndiyo maana kisomaji huweza kucheza filamu za DVD bila taabu na kushindwa kabisa na CD ya ukarabati. Katika hali hiyo, kuchoma picha ileile kwenye DVD hutosha kumaliza tatizo.

Kisomaji cha nje kinahitaji umeme wa kutosha. Mlango wa USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500, na wa USB 3.0 miliampea 900. Kisomaji kikichomekwa kwenye kigawanya USB kisicho na umeme wake, huweza kuwasha taa bila kuzungusha CD vizuri. Kichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama kilikuja na waya wenye vichwa viwili vya USB, vyote vitumike.

UEFI na kinga ya Secure Boot

Kompyuta zilizouzwa na Windows 8 tangu mwaka 2012 zilikuja na kinga iitwayo Secure Boot. UEFI hukagua sahihi ya kidijitali ya programu ya kuwashia, na isiyo na sahihi inayotambulika hukataliwa. CD za zamani na baadhi ya CD za Linux hukwama hapa. Ubuntu na Fedora zina sahihi inayokubalika. Kwa CD nyingine, kinga hiyo huzimwa kwa muda ndani ya mipangilio na kurudishwa kazi ikiisha. Kabla ya kuizima, ni lazima kujua kama diski imefungwa kwa BitLocker, kwa kuwa badiliko hilo linaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo huweza kufungiwa nje ya faili zake mwenyewe.

CD zilizotengenezwa kwa BIOS pekee hazionekani kabisa kwenye menyu ya UEFI. Kompyuta nyingi za kipindi cha mpito zina chaguo la kuiga BIOS, linaloitwa CSM au Legacy. Chaguo hilo huiwezesha CD kuanza, lakini Windows iliyosakinishwa kwa UEFI inapaswa kurekebishwa kwa CD iliyowashwa kwa UEFI; vinginevyo faili za kuwashia huenda zikaandikwa kwa mtindo usiofaa.

Aina ya kichakato nayo ina neno. Kompyuta yenye kichakato cha biti 32 haiwezi kuendesha CD ya biti 64. Hata kichakato kikiwa cha biti 64, CD ya ukarabati ya Windows 7 lazima ilingane na Windows iliyosakinishwa, la sivyo ukarabati hukataliwa.

Inaanza, kisha inakwama

CD ikianza kusomwa halafu skrini ikaganda, shaka ihamie kwenye kumbukumbu na diski ya ndani. Kumbukumbu hupimwa kwa programu kama MemTest86, au kwa kuacha kibao kimoja na kujaribu tena. Diski inayokufa nayo huweza kuuzuia mfumo wa CD, kwa kuwa mfumo huo hujaribu kuisoma na kusubiri jibu lisilokuja. Diski ikitolewa na CD ikawaka, mkosaji amejulikana.

Kuna pia hali ambapo CD inawaka vizuri lakini diski haionekani kwenye orodha yake. Kwenye kompyuta mpya zenye kichakato cha Intel, chanzo kinaweza kuwa mpangilio wa RST au VMD, unaohitaji programu ya kiendeshi ambayo CD za zamani hazina. CD mpya zaidi hutatua hilo mara nyingi.

Njia ya flashi

Kwa kuwa kompyuta nyingi sasa huuzwa bila kisomaji, picha hiyohiyo ya .iso inaweza kuandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Flashi huondoa maswali yote ya leza, mikwaruzo na umeme mdogo. Ikiwa flashi iliyothibitishwa kwenye mashine nyingine nayo inakataliwa, baada ya mipangilio kukaguliwa na diski kutolewa, ubovu unaelekea kuwa kwenye bodi mama, na hapo kazi ni ya fundi mwenye vipimo.

CD au flashi ikikubali, agizo la kwanza lisiwe la kukarabati. Zana kama chkdsk huandika juu ya diski wakati zikiirekebisha, na diski yenye sauti ya kugongagonga inaweza kuzimika moja kwa moja kwa kazi hiyo. Faili muhimu zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, kisha ndipo ukarabati uanze.