Kusoma Kuta za Garissa: Matembezi ya Mtafiti wa Lugha

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha amezoea kutafuta data vitabuni, katika kanda na vinywani mwa wasemaji. Makala haya yanaeleza chanzo kingine, nacho ni kuta za mji: michoro ya maduka, vibao na maandishi ya brashi. Mji uliochaguliwa ni Garissa, ukingoni mwa Mto Tana, ambako Kiswahili na Kisomali hukutana kila siku. Hoja inayotolewa ni kwamba maandishi hayo huonyesha jinsi wasemaji wenyewe wanavyosuluhisha mgongano wa tahajia mbili. Lakini ushahidi huo haudumu. Duka likipakwa rangi upya, hati moja imefutwa.

2. Kutoka darajani hadi sokoni

Matembezi yafaa yaanze asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali, kwenye daraja la Tana. Ng'ambo ya mto ni Madogo, katika kaunti ya Tana River. Kandokando ya mto huo wanaishi Wamalakote, ambao lugha yao, Kielwana, imo katika kundi la Sabaki pamoja na Kipokomo, Kimijikenda, Kikomoro na Kiswahili. Mtafiti na ajiulize tangu mwanzo: ndugu huyu wa Kiswahili anaonekana katika kibao gani? Asipomwona, kutoonekana huko nako ni data, maana lugha ya biashara si lazima iwe lugha kongwe ya mahali.

Kutoka hapo aingie mjini na kuifuata Barabara ya Kismayu. Katika vibao vya brashi mchoro hutangulia neno: kichwa kilichonyolewa, paja la nyama, chombo cha maziwa. Jadi hii ya kuchora bidhaa ukutani inajulikana sana Mogadishu pia, na faida yake ni kwamba mteja asiyejua kusoma hapotei. Kama mchoro unatosha kutaja bidhaa, basi neno lililoandikwa kando yake lina kazi nyingine: linamtaja mteja anayetazamiwa. "Bucha" na "kinyozi" humwita mpita njia yeyote wa Kenya. "Hilib geel" (nyama ya ngamia) na "caano geel" (maziwa ya ngamia) humwita Msomali.

3. Tahajia mbili

Alfabeti ya Kilatini ilifanywa rasmi kwa Kisomali nchini Somalia mwaka 1972. Katika tahajia hiyo, herufi c huwakilisha sauti ya ayn ya Kiarabu, na x huwakilisha h nzito ya kooni. Aidha, dh si ile ya neno "dhahabu", bali ni d inayotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma. Kwa hiyo Cali ni Ali, na Xasan ni Hassan.

Nchini Kenya majina ya watu na ya miji yaliandikwa kwa desturi ya Kiingereza. Jina la kambi ya Hagadera, iliyoko Dadaab, huandikwa Xagardheer kwa Kisomali, na Dagahaley, yaani penye mawe, ni Dhagaxley. Ukuta ukiwa na "caano" pamoja na "Hassan", mwalimu asiharakishe kusahihisha. Mchoraji hakukosea: neno la kawaida amelipa tahajia ya 1972, na jina la mtu amelipa tahajia ya kitambulisho.

4. Majina ya mitaa

Neno "bulla", lenye maana ya mtaa au makazi, limetoka katika Kisomali. Hata hivyo mji una Bulla Punda na Bulla Mzuri. Jina hili la pili lastahili kuchunguzwa. Maneno ya mkopo yasiyo na kiambishi huelekea kuingia ngeli ya N, na hivyo ingetarajiwa "Bulla Nzuri". Huenda kiambishi m- kinaonyesha kwamba "bulla" limepatanishwa kana kwamba ni "mtaa". Aidha, soko la Suq Mugdi lina neno la Kisomali la giza, na Bulla Iftin lina neno la nuru.

Jina la Bulla Kartasi nalo lina neno ambalo Mswahili hulitambua mara moja. Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa huo, na wakazi wakazuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaeleza mambo hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya ripoti hiyo, jina lilikuwa kumbukumbu miongoni mwa wasemaji. Mtafiti akilinakili kama mfano wa ukopaji tu, atakuwa amesoma nusu ya neno.

5. Hitimisho

Anayefanya matembezi haya aombe ruhusa ya mwenye duka kabla ya kupiga picha, na aepuke kupiga picha za daraja na vituo vya usalama. Anakili maandishi herufi kwa herufi, bila kusahihisha. Aandike tarehe, mahali, rangi, na lugha aliyosikia ikisemwa mlangoni. Kisha arudi mwaka unaofuata kuona kilichofutwa. Vibao vya plastiki vinavyochapishwa kwa mashine vinazidi kuchukua nafasi ya brashi, na tahajia huchaguliwa mbali na mlango wa duka. Idara za lugha zikingoja, zitakuta kuta safi zisizosema kitu.