Safari ya motokari katika nchi nyingi za Ulaya: soma viza kwanza, ndipo uchore njia

Mara nyingi mambo yanaanza na simu. Mdogo wako aliye Bruxelles anakuambia: «Yaya, viza ikitoka tu, ukuje. Tutachukua motokari, tutapita Paris, Lyon, Genève, tutarudia Cologne. Huku hakuna mipaka.»

Maneno hayo ni kweli nusu. Mkataba wa Schengen, uliopewa jina la kijiji kimoja cha Luxembourg, ulitiwa sahihi mwaka 1985 na nchi 5. Leo nchi 29 zimo. Kati yao hakuna kizuizi cha kila siku kama kile tunachokijua kwenye mipaka yetu. Lakini sheria ya mpaka haikuondoka: inakufuata ndani ya paspoti yako. Na akikosea mgeni, hata ndugu aliyemwalika anaweza kulipa.

Mambo manne ya kusoma kwenye viza

La kwanza ni nchi. Viza ya kawaida inaandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote za Schengen. Lakini kuna zingine zinazotaja nchi moja au mbili tu. Ukiwa na hiyo, Genève usiifikirie.

La pili ni tarehe, na la tatu ni hesabu ya siku. Hapa njo watu wengi wanapotea. Viza inaweza kuonyesha tarehe zenye nafasi ya siku 45, lakini siku za kukaa zimeandikwa 30. Zinazohesabiwa ni hizo 30. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka pia. Kwa vyovyote, huwezi kupita siku 90 ndani ya kila siku 180, nchi zote za Schengen pamoja. Kuhama kutoka Ubelgiji kwenda Ufaransa hakuanzishi hesabu mpya.

La nne ni idadi ya kuingia: 1, 2, au MULT, maana yake mara nyingi. Tuseme mmefika Calais na mtu anasema: «London iko karibu, tuvuke kidogo.» Uingereza haiko Schengen, inaomba viza yake. Na kama yako ni ya kuingia mara 1, ukishatoka imekwisha. Hauwezi kurudi Bruxelles, hata kama siku zimebaki na tiketi ya ndege inakungoja kule.

Usichanganye pia Schengen na Umoja wa Ulaya. Uswisi haiko katika Umoja, lakini iko Schengen. Ireland iko katika Umoja, lakini haiko Schengen.

Viza inaombwa wapi?

Inaombwa kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, ni kwa nchi utakayoingilia kwanza. Ukisema unaenda Ubelgiji na huku wiki tatu kati ya nne utalala Lyon, barua yako ina shida tangu mwanzo. Kwa mtu mzima malipo ni euro 90, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 mbele ya safari. Kwa sisi wa mashariki, ambao kufika Kinshasa peke yake ni safari nyingine, kungojea hizo siku 15 za mwisho ni hatari.

Nani anaendesha?

Uliza bila haya. Ndugu aliye Ubelgiji ambaye bado anangojea jibu la ukimbizi, mwenye ile karatasi wanaita «carte orange», hana ruhusa ya kuvuka mpaka nayo. Aliye na kadi ya kukaa anapaswa kuibeba pamoja na paspoti yake. Polisi wanaweza kusimamisha motokari: Ujerumani ilianza tena kukagua mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Usiache paspoti nyumbani.

Njia na pesa

Bruxelles–Paris ni karibu kilometa 310, Paris–Lyon karibu 465, Lyon–Genève kama 150. Ukirudia Basel na Cologne, mzunguko wote unafika kama kilometa 1,900. Ni zaidi ya mara 9 ya njia ya Bukavu–Goma. Barabara ni nzuri, lakini dereva ni mtu, anachoka. Gaweni kwa siku tano au sita, na mjue mtalala kwa nani.

Barabara kubwa za Ufaransa zina péage nyingi. Uswisi haina péage ya kila mahali. Unanunua kibandiko cha mwaka kwa franka 40 za kule, hata kama unapita siku moja. Kwa motokari ndogo, barabara kubwa za Ubelgiji na Ujerumani hazilipishwi. Lakini miji mingi ya Ujerumani inaomba kibandiko cha kijani cha moshi, na Bruxelles inakataza motokari za zamani. Ndani ya gari muwe na kizibao cha kuonekana usiku na pembetatu ya hatari. Ajali ikitokea, namba ni 112 katika nchi zote hizo.

Kwa nini uangalifu wote huo?

Aliyekusainia prise en charge Ubelgiji amekubali mbele ya sheria kubeba gharama zako, hata za matibabu na za kukurudisha, kwa muda wa miaka 2. Ukipitisha siku, wewe unaweza kufungiwa mlango, na yeye anaweza kuletewa deni. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya nje imeanza kuandika kuingia na kutoka kwa mashine, pamoja na alama za vidole. Siku moja ya ziada haifichiki tena.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu mdogo wako «ndiyo», chukua karatasi. Andika kila mji, tarehe ya kufika, tarehe ya kutoka, na nyumba ya kulala. Jumlisha siku. Viza ikitoka, linganisha karatasi hiyo na yale mambo manne. Kama siku hazitoshi, punguza miji.