Dawa ya Kusukutua ya Mitishamba na Meno ya Mtoto

Mwezi uliopita nilimtembelea rafiki yangu anayeishi na familia hapa chuoni. Shemeji akanionyesha chupa aliyonunua: dawa ya kusukutua ya mwarobaini na karafuu. "Shem, hii mitishamba tupu, haina floraidi," akasema. Binti yao wa miaka minne alishaacha kupiga mswaki usiku. Anasukutua tu, nusu anaimeza. Jino moja la nyuma lilikuwa na doa jeusi.

Mimi ni injinia wa maji, siyo daktari wa meno. Lakini utando ninaopambana nao kwenye mabomba ni ndugu wa huu wa kwenye meno. Bakteria wanajishikiza ukutani, wanajifunika ute, na dawa ikipita inaua zaidi wale wa juu. Waliobaki wanakula sukari na kutoa asidi. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, ganda la jino linaanza kuyeyuka. Utando huo hautoki mpaka usuguliwe. Ndiyo maana hata kijiti cha mswaki cha babu zetu kinasaidia: kinasugua.

Sisemi karafuu ni bure. Inatia ganzi, aliyewahi kuumwa jino usiku anajua. Ila kwa mtoto hapo ndipo penye hatari, maumivu yanatulia huku tundu linazidi kuchimbika.

Kuhusu floraidi, wanaoiogopa nawaelewa sana. Nimekulia chini ya Mlima Meru, na meno yangu ya kahawia mmeyaona kwenye picha za sherehe zetu. Lakini yaliharibiwa na maji ya kunywa, kila siku, wakati meno bado yanaumbika ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya chemchemi za kwetu zinapita hapo mara kadhaa. Dawa ya meno kidogo, ikatemwa, ni habari nyingine kabisa. Floraidi yake inalifanya jino lihimili asidi. Chini ya miaka mitatu weka kama punje ya mchele, mitatu hadi sita kama punje ya njegere.

Mtoto msugue wewe mwenyewe, usiku kabla ya kulala na mara nyingine mchana. Ateme povu, asisukutue na maji. Dawa ya kusukutua, iwe ya miti au ya kiwandani, aliye chini ya miaka sita asipewe: atameza, na nyingine zina pombe. Hapa Uingereza walio chini ya miaka 18 hawalipi kutibiwa meno kwenye huduma ya serikali, ingawa kupata nafasi ni shughuli, kwa hiyo tafuteni mapema.

Shemeji alinuna kidogo. Chupa sasa anaitumia yeye, na binti anakwenda kuzibwa jino Alhamisi.