Ukingo wa Roshani Katika Nyumba za Pwani

Leo tumekusudia kunena juu ya kitu ambacho watu hukiegemea kila siku wala hawakitazami, nacho ni ukingo wa roshani. Mwenye nyumba huchagua bati kwa makini, na mlango huuchagua kwa makini zaidi, kwa kuwa mlango ndio uso wa nyumba. Lakini ukingo wa ghorofani mara nyingi huachiwa fundi aufanye apendavyo kwa masalio ya mbao na vipande vya chuma vilivyobaki. Tena ukiisha kupakwa rangi, hapana mtu aukumbukaye mpaka siku ya harusi, wageni wanapojaa juu kutazama ngoma barabarani, na wote wakaegemea upande mmoja. Siku hiyo ndipo ukingo unapojaribiwa, na jaribio hilo halina marudio.

Katika miji ya pwani yetu, kama Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Unguja, roshani na baraza za juu si jambo geni. Jumba la Beit-al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Barghash, lilizungukwa na baraza pana za ghorofani zilizochukuliwa na nguzo za chuma. Jumba hilo lilisalimika katika mizinga ya mwaka 1896, iliyobomoa majumba ya jirani yake. Lakini mwaka 2012 sehemu yake moja ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa iliporomoka wakati wa matengenezo, watu wakafa. Hatulitaji jumba hilo ili kusema kwamba ukingo ndio ulioliangusha, la. Twalitaja kwa sababu twataka ikumbukwe kwamba hata jengo la mfalme lahitaji kutunzwa daima, sembuse roshani zetu.

Basi na tuanze kwa kuwajua adui. Adui wa kwanza ni unyevu. Mbao haiozi kwa sababu ya uzee, bali huozeshwa na kuvu, na kuvu ni kiumbe hai kinachohitaji maji. Mbao ikiwa kavu, yaani maji yaliyomo yasipofika sehemu 20 katika kila sehemu 100 za uzito wa mbao yenyewe, kuvu haiwezi kustawi. Ikikaa na maji zaidi ya hapo siku nyingi, huliwa ndani kwa ndani hali uso wake ungali mzuri. Kwa hiyo mbao inayonyeshewa na kukauka upesi hudumu kuliko ile isiyonyeshewa sana lakini ina mahali ambapo maji hutuama.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huchukua chembe za maji ya bahari na kuzitia juu ya kila kitu. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, hivyo chuma chenye chumvi hubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: mara nyingi chuma kilicho chini ya upenu hushika kutu mbaya kuliko kilicho wazi. Sababu yake ni kwamba kile cha nje huoshwa na mvua ya masika na ya vuli, na kile cha ndani hulimbikiza chumvi bila kuoshwa.

Adui wa tatu ni jua, ambalo hupasua mbao na kuibambua rangi. Rangi ikiisha kupata ufa, maji huingia nyuma yake yasipate njia ya kutoka, na hapo rangi iliyowekwa iwe kinga hugeuka kuwa kifuniko cha uozo. Wa nne ni mchwa, na huyo sote twamjua.

Sasa tutazame vitu vya kujengea. Katika mbao, mvule na msaji zina sifa njema tangu zamani, maana kiini chake kina mafuta na utomvu unaowachukiza kuvu na wadudu. Lakini sifa hiyo ni ya kiini tu. Ile sehemu ya nje ya gogo, iliyo nyeupe, huoza upesi hata katika mti bora. Basi mnunuzi asikubali ubao wenye ukanda mweupe pembeni, ijapokuwa muuzaji ataapa kwamba ni mvule. Mbao laini, kama za msindano, zafaa ikiwa zimeshindiliwa dawa kiwandani. Kupaka dawa kwa brashi hakutoshi, maana dawa hukaa juu tu, na msumeno ukipita huacha mbao tupu. Tena iangaliwe kwamba dawa nyingi za namna hiyo zina shaba ndani yake, na shaba hula misumari ya kawaida. Mbao hizo zitakiwe bolti na misumari iliyochovywa katika zinki au ya chuma kisichoshika kutu.

Katika vyuma, chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ndicho rahisi kwa bei, nacho ndicho ghali kwa matengenezo, maana mkwaruzo mmoja watosha kuanzisha kutu itakayotambaa chini ya rangi. Bora kuliko hicho ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki hukifunika chuma, na zaidi ya hayo hujitoa yenyewe iliwe kwanza, hata mahali palipokwaruzwa kidogo. Lakini ukataji, utoboaji na uchomeleaji wote ufanywe kabla ya kuchovya. Fundi akichomelea baada ya hapo, moto huiunguza zinki, na kutu huanzia pale pale penye kiungo.

Kiko pia chuma kisichoshika kutu, kinachopendwa sana sasa kwa mng'ao wake. Yafaa tujue kwamba kina aina nyingi. Iitwayo namba 304 hufaa bara na ndani ya nyumba, lakini karibu na bahari hupata madoa ya rangi ya chai na vijishimo. Iitwayo namba 316 imetiwa madini ya molibdenamu, kiasi cha sehemu 2 katika 100, nayo huvumilia chumvi zaidi. Kwa macho zote mbili ni sawa, wala sumaku haiwezi kuzitenga. Kwa hiyo mnunuzi atake hati ya muuzaji yenye namba, wala asitosheke na neno la mdomo. Na hata namba 316 hutaka kuoshwa.

Jambo moja zaidi juu ya vyuma: visichanganywe ovyo. Metali mbili za namna mbalimbali zikigusana, na maji ya chumvi yakawa kati yao, hufanya kazi kama betri, na ile iliyo dhaifu huliwa upesi. Bolti ya chuma cha kawaida katika bamba la shaba itakwisha upesi. Ukingo wa alumini ukifungwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, pawekwe kati yake washa za plastiki au za mpira.

Tukiisha kuchagua, tuje kwenye vipimo. Ukingo una nguzo, mwamba wa juu wa kushikia, mwamba wa chini, na fito za kusimama katikati. Urefu wa kwenda juu uwe mita 1 na sentimita 10 kutoka sakafuni, yaani kama futi 3 na inchi 7. Kipimo hicho humfikia mtu mzima juu ya kiuno, hata akisukumwa asipinduke. Nafasi kati ya fito na fito isifike sentimita 10, ambazo ni kama inchi 4. Mtoto mdogo hupitisha mwili kwanza, kisha kichwa chake hukwama, na hatari yake ni kubwa. Basi fundi akate kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10, akijaribu kukipitisha katika kila nafasi. Kikipita mahali popote, kazi hiyo haijakwisha.

Fito nazo zisimame wima. Zikilazwa kwa mapambo, mtoto huzipanda kama ngazi. Kwa sababu hiyo hiyo, viti, masanduku na vyungu vya maua visiwekwe karibu na ukingo, maana humpunguzia mtoto ule urefu tulioutaja.

Sasa twaja kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kukaza nguzo. Ukingo hauvunjiki sana katikati, bali hung'oka chini. Na tufanye hesabu. Mtu akiegemea juu ya nguzo yenye urefu wa mita 1, akaisukuma kwa nguvu iliyo sawa na mzigo wa kilo 50, na nguzo hiyo imeshikwa chini kwa bolti mbili zilizoachana sentimita 10, basi bolti haivutwi kwa kilo 50. Mkono wa nguvu ni mrefu mara kumi kuliko nafasi ya bolti, na hivyo bolti huvutwa kwa kilo 500. Bolti zikiachanishwa sentimita 20, mvuto hupungua ukawa kilo 250. Hii ndiyo sababu misumari haifai kabisa kushika nguzo, hata ikiwa mingi, kwa kuwa msumari huchomoka kwa njia ile ile uliyoingilia. Nguzo itobolewe kwa keekee, ipitishwe bolti mpaka upande wa pili, iwekwe washa pana, na nati ikazwe. Tena ifungwe katika boriti nzima, si katika ubao wa sakafu. Nguzo na nguzo zisiachane zaidi ya kiasi cha futi 6.

Katika nyumba za kale zenye boriti za mikoko na dari za mawe na chokaa, isikimbiliwe kutoboa. Kwanza zichunguzwe ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo maji hujificha. Ukingo mpya juu ya boriti iliyooza ni sawa na kufuli jipya juu ya mlango usio na bawaba.

Penye sakafu ya zege, bolti zisiwekwe ukingoni kabisa, zege lisije likameguka. Mchanga wa pwani usitumiwe kamwe katika zege, kwa sababu chumvi yake huozesha nondo zilizomo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, na huvimba mpaka zege likapasuka kutoka ndani. Nyufa zenye rangi ya kahawia chini ya roshani ni onyo, na kuzipaka rangi ni kuuficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Maji nayo yapewe njia. Mwamba wa juu urandwe uwe na mteremko kidogo, maji yasitulie. Mwamba wa chini uinuliwe sentimita 5 au zaidi kidogo kutoka sakafuni, ufagio upite na upepo ukaushe. Ncha za mbao hunywa maji kuliko ubavu wake, kwa hiyo kila ncha, na kila tundu la bolti, ipakwe dawa kabla ya kuunganishwa. Nguzo ya mbao isizikwe katika zege, ambalo huwa kama kikombe cha kuiwekea maji. Isimamishwe juu ya kiatu cha chuma chenye zinki, kikiacha nafasi ndogo chini yake. Mabomba ya chuma yatobolewe tundu dogo upande wa chini, maji yaingiayo yapate kutoka. Fundi atumie timazi na pimamaji, maana nguzo iliyopinda huacha viungo wazi.

Kazi ikiisha, utunzaji wake ni mwepesi. Kila mwezi vyuma vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa vile vilivyo chini ya upenu. Kila mwaka masika yakiisha na mbao zikikauka, mwenye nyumba achukue kisu, achome kwa ncha chini ya kila nguzo na katika kila kiungo. Mbao nzima huikataa ncha, iliyooza huikubali. Nati zilizolegea zikazwe, mahali palipobambuka pakwanguliwe na kupakwa upya. Kisha ashike kila nguzo kwa mikono miwili na kuitikisa, yeye mwenyewe akisimama upande wa ndani, miguu yake ikiwa mbali na ukingo. Nguzo inayocheza haitapona kwa kungojea.

Wapangaji nao wana neno katika jambo hili. Mpangaji akiona nguzo inacheza amwarifu mwenye nyumba siku ile ile, naye mwenye nyumba asiseme atangoja kodi ya mwezi ujao. Wakati fundi bado hajafika, mlango wa roshani ufungwe, watoto wakatazwe kutoka. Kamba iliyofungwa penye pengo haimzuii mtu, bali humdanganya kwamba pana kizuizi.

Huenda mtu akasema kwamba haya yote ni gharama. Ni kweli, bolti ndefu yenye zinki huzidi msumari kwa bei, na mvule huzidi mbao ya sanduku. Lakini asiye na fedha za kutosha afanye roshani ndogo yenye ukingo thabiti, aache ile pana yenye ukingo wa kubahatisha. Mapambo yaweza kungoja mwaka wa pili, lakini nguvu ya nguzo haingoji, kwa kuwa hatujui ni siku gani mtoto atakimbilia pale kumtazama baba yake akirudi kutoka kazini.