MPINI WA PANGA: NAMNA YA KUUCHAGUA, KUUTIA NA KUUTUNZA

Mtu aendapo dukani Mtwara au Mikindani kununua panga, kwa kawaida hutazama chuma. Huligonga kwa ukucha asikilize mlio wake, huyajaribu makali kwa dole gumba, hulikunja kidogo aone kama linarudi mahali pake. Hayo yote ni mema. Lakini mpini hautazami, ama huutazama kwa rangi yake tu. Kisha hulichukua panga lake shambani Msimbati, na siku ya tatu viganja vyake vimejaa malengelenge. Hapo husema kwamba panga ni baya, kumbe kosa si la chuma.

Katika usemi wetu, mtu mwenye nguvu katika shauri huambiwa kuwa ameshika mpini, na aliye dhaifu huambiwa kuwa ameshika makali. Usemi huu ni wa kweli hata shambani. Mpini ukiwa mbaya, siku moja mkono huteleza, na mwenye panga hujikuta ameshika makali ya panga lake mwenyewe.

1. KWA NINI MPINI NI JAMBO KUBWA

Mtu anayefyeka pori hupiga mapigo mamia kwa mamia kwa siku, na kila pigo humrudia mkononi. Mpini ukiwa mwembamba mno, vidole hulazimika kuukaza sana, na mkono huchoka upesi. Ukiwa mnene mno, kiganja hakifungi sawasawa, na panga hutaka kuruka. Mkono uliochoka ndio uteleao. Kwa hiyo ajali nyingi huja mwisho wa kazi, wala si mwanzo.

Pwani yetu ya kusini, toka Mikindani hata maingilio ya Mto Ruvuma, ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mtu akijikata mkono wakati wa kufyeka, hana mvua nyingine ya kuingojea katika mwaka ule. Wenzake watapanda muhogo, mpunga na kunde, naye atakaa barazani mkono umefungwa kitambaa. Jeraha la kidole kimoja laweza kuwa njaa ya nyumba nzima.

Tena asidhani mtu kwamba zana hii ndogo imepitwa na wakati. Mwaka 1947 ulianzishwa mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na matrekta mengi yakapelekwa Nachingwea kung'oa miti. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Mkulima mdogo alibaki na jembe lake na panga lake, na mpaka leo hizo ndizo zana zake za kila siku.

2. SEHEMU ZA PANGA

Kabla ya kulinganisha mipini, yafaa tukubaliane majina. Kengee ni lile bapa la chuma. Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoendelea nyuma ya kengee na kuingia katika mpini. Noleo ni pete ya chuma inayofungwa mahali msuka unapoingia mtini, ili mti usipasuke. Ribiti ni vile vijiti vya chuma vilivyogongwa pande mbili ili kubana mpini na msuka pamoja.

3. AINA NNE ZA MIPINI

(a) Mpini wa vibao viwili. Hapa msuka ni mpana na umeenea urefu wote wa mpini, na vibao viwili vya mti vimebanwa huku na huku kwa ribiti. Mapanga mengi yaliyoletwa kutoka ng'ambo ni ya namna hii. Faida yake ni nguvu: chuma hakiwezi kuchomoka, na kibao kikipasuka, mwenyewe aweza kutia kingine. Hasara yake ni kwamba mti husinyaa wakati wa kiangazi, lakini chuma hakisinyai. Basi ukingo wa msuka hutokeza nje ya mti na kukata kiganja, na vichwa vya ribiti huinuka. Malengelenge mengi hutokana na jambo hili. Dawa yake ni tupa: lainisha ukingo wa chuma na vichwa vya ribiti mpaka vilingane na mti.

(b) Mpini wa plastiki. Huu nao hubanwa kwa ribiti, au humiminwa juu ya msuka. Hauozi, hauliwi na mchwa, wala hausinyai. Lakini mkono ukitoka jasho huteleza, nao ukiachwa juani miaka mingi huwa mkavu na kupasuka. Ukiwekwa karibu na moto huyeyuka. Tena ukivunjika ni vigumu kuutengeneza. Yafaa kuuondoa wote na kutia vibao vya mti.

(c) Mpini wa mti mmoja. Huu ndio mpini wa wahunzi wetu, kama ule wa mundu, na wa kotama ya mgema. Msuka ni mwembamba, umechongoka, nao umepigiliwa ndani ya mti, kisha noleo limefungwa mbele. Kwa raha ya mkono, huu ndio bora kuliko yote, maana kiganja hakigusi chuma mahali popote, na mwenyewe aweza kuuchonga apendavyo. Hasara yake ni moja, lakini ni kubwa: msuka ukilegea, kengee huchomoka na kuruka. Kwa mundu na kotama, ambazo hukata kwa kuvuta, hatari si kubwa. Kwa panga zito lipigwalo kwa nguvu, usiutumie mpini huu ila ncha ya msuka imepenya mpaka nyuma na kukunjwa.

(d) Mpini wa kuzungushia mpira au kitambaa. Watu wengi mpini ukivunjika huzungushia msuka mpira wa baiskeli au matambara. Yafaa kwa siku chache tu. Mpira huzuia kuteleza, lakini hushika jasho na maji, na katika hewa yetu ya chumvi kutu hula msuka chini yake bila kuonekana. Siku moja panga hukatika ghafula pale pale mkononi.

4. UMBO NA UNENE

Jaribu mpini hivi. Ushike kama unavyoushika kazini. Ncha za kidole cha kati na cha pete zikikaribia nyama iliyo chini ya dole gumba, bila kuichoma, unene wafaa. Kwa watu wazima wengi unene huo ni kama sentimita 3 hadi 4. Urefu wake uwe upana wa kiganja chako na vidole viwili zaidi, ili ukingo wa nyuma usichome katikati ya kiganja.

Mpini usiwe wa mviringo kamili kama mchi. Mpini wa mviringo hugeuka mkononi, na pigo hutua kwa ubapa, likateleza juu ya mti na kuja mguuni. Uchonge uwe kama yai lililobanwa mbavuni. Hapo mkono wajua makali yalipo bila macho kutazama.

Mwisho wa mpini uwe na kifundo kilichoshuka kidogo upande wa makali. Kifundo hiki hukizuia kidole cha mwisho, na panga haliwezi kuchopoka. Mpini usio na kifundo humlazimisha mtu kukaza vidole wakati wote, hata panga linapopanda juu, ambapo mkono ungepaswa kupumzika.

Neno jingine. Katika nyumba nyingi panga ni moja, nalo limetiwa mpini kwa kiganja cha baba. Lakini mara nyingi mama ndiye akataye kuni na miti ya muhogo ya kupandia, na kijana ndiye apandaye mnazi kuangua madafu. Mpini umfae yule alitumiaye zaidi panga hilo. Mpini mnene katika mkono mdogo ni hatari iliyowekwa nyumbani.

5. MPINI NA KAZI YAKE

Kufyeka pori. Mapigo ni marefu na ya nguvu. Tumia mpini wa vibao viwili, wenye kifundo kikubwa. Kwa majani matupu, fyekeo lenye mpini mrefu ni bora kuliko panga, maana mtu hainami.

Kupogoa mikorosho. Kwa matawi madogo, panga jepesi lenye mpini mfupi latosha. Kwa matawi manene tumia msumeno. Panga hupasua tawi na kuacha jeraha baya katika mti, na mtu hulazimika kupiga akiwa amesimama vibaya.

Kukata madafu. Hapa mkono mmoja umeshika dafu na mwingine umeshika panga, na mapigo ni mafupi. Mkono husogea karibu na kengee ili kuongoza makali. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya mpini iwe laini, isiwe na ribiti iliyoinuka, na iwe na kituta kidogo cha kuzuia kidole cha shahada kisiteleze mbele.

Kugema. Mgema yuko juu ya mnazi, na mkono mmoja tu ndio ulio huru. Mpini wa mti mmoja, mwepesi na mfupi, ndio umfaao.

6. MTI UFAAO

Mti wa mpini uwe mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka toka mwanzo hata mwisho, usio na jicho la tawi. Mkwaju ni mti mgumu usiopasuka upesi. Mninga ni mzuri kwa vibao, kwa sababu husinyaa kidogo sana ukikauka. Mpingo ni mgumu kupita yote na haunyonyi jasho, lakini ni mzito na huteleza ukisuguliwa sana. Usikate mpingo mzima kwa ajili ya mpini mmoja. Kipande kidogo kilichobaki kwa mchongaji wa kinyago chatosha. Mwembe haufai kwa kazi ngumu.

Watu wa Msimbati wasiende kukata mikoko kwa ajili ya mipini. Mikoko hiyo imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, nayo ndiyo malezi ya samaki na kamba.

Mti mbichi usitiwe. Ukate kipande, ukiweke kivulini miezi kadhaa, ndipo ukichonge. Mpini wa mti mbichi hulegea kabla mwezi haujaisha.

7. KUTIA MPINI MPYA

Kwa vibao viwili: ondoa ribiti za zamani kwa tupa, sugua kutu yote katika msuka, kisha upake mafuta. Funga kibao cha kwanza, toboa kwa kufuata matundu ya msuka, halafu cha pili. Vipande vya msumari mnene visivyo vigumu hufaa kuwa ribiti. Gonga taratibu pande zote mbili, kwa nyundo ndogo. Ukigonga kwa hasira mti hupasuka. Mwisho lainisha kwa tupa na kipande cha chupa.

Kwa mpini wa mti mmoja: watu wengi huutia msuka motoni mpaka uwe mwekundu, kisha huupigilia. Angalia sana. Moto ukipanda hata kwenye kengee, chuma hupoteza ugumu wake, na makali hayatakaa tena. Tumia chuma kingine chembamba kuchomea tundu. Kama huna, zungushia kengee kitambaa kilicholowa maji wakati wa kutia msuka motoni. Tundu liwe dogo kuliko msuka, na noleo lifungwe kabla ya kupigilia.

8. KUTUNZA

Mpini ukilegea, wengi huutia panga katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mpini umekaza, nao hufurahi. Lakini mti ule umevimba na kujibana wenyewe juu ya chuma. Ukikauka jua la saa sita huwa umelegea kuliko jana. Maji si dawa. Gonga ribiti upya, au tia kabari nyembamba ya mti mgumu, au badili mpini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya kazi, futa jasho na utomvu, pangusa mpini kwa mafuta kidogo ya nazi, kisha ukaushe kwa kitambaa ili usiteleze. Wala usipake mafuta ya ganda la korosho. Ni kweli kwamba mafuta hayo huzuia wadudu katika mbao, lakini huunguza ngozi, na mkono utakaoushika mpini huo utababuka.

Ikitokea mtu amejikata, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na umpeleke zahanati bila kukawia. Usitie udongo, majivu wala mafuta ya taa. Uliza habari ya sindano ya kuzuia pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

9. MAMBO YA KUKUMBUKA

(1) Nunua panga kwa mkono, si kwa macho. Lishike kabla ya kulilipia.
(2) Panga la mapigo mazito litiwe mpini wa vibao viwili; zana ya kuvuta itiwe mpini wa mti mmoja.
(3) Umbo liwe kama yai, na mwisho uwe na kifundo.
(4) Lainisha chuma na ribiti zilizotokeza kila kiangazi.
(5) Mpini uliolegea usiende shambani hata siku moja.

Kazi ya kutengeneza mpini ni ya jioni moja tu, na mti wake haununuliwi. Mkulima aifanye mwezi Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika, ili siku ya kufyeka ikifika aingie shambani kwa mkono mzima na kutoka kwa mkono mzima.