Siku Moja ya Mwanafunzi wa Ufundi wa Magari

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya fundi wa magari ni nyundo na spana tu, na ya kuwa kijana aliyeshindwa na vitabu ndiye afaaye kupelekwa huko. Laiti wangalishinda siku moja katika karakana ya chuo cha ufundi, wangalibadili mawazo.

Mafunzo haya si mageni nchini Kenya. Chuo cha Kabete kilifunguliwa mwaka 1924, na vijana wakafundishwa humo useremala, uashi na uhunzi. Leo vyuo vya ufundi vimeenea katika kaunti nyingi. Katika kimoja cha Kiambu, mwanafunzi wa mwaka wa pili alikabidhiwa asubuhi pikapu inayopeleka maziwa Mai Mahiu kwa ile barabara ya mteremko, kazi ya mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwenye gari alilalamika ya kwamba kanyagio la breki limelegea kama sifongo, na katikati ya mteremko huzama hadi chini.

“Tubadilishe pedi, Mwalimu,” alisema kijana.

“Umeona nini hata useme hivyo?”

Kijana akanyamaza, akaweka jeki, akafungua magurudumu. Pedi zilikuwa nene bado. Mipira haikuvuja. Lakini oili ya breki ilikuwa nyeusi kama chai ya turungi. Kama angaliuziwa pedi mpya, mwenye gari angalilipa fedha zake na kurudi mteremkoni na hatari ile ile.

Oili ikatolewa, mpya ikatiwa, kisha ikaja kazi ya kutoa upepo. Walianza na gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali kupita yote na silinda kuu. Mwenzake alikanyaga, naye akafungua nipo; povu likatoka. Mara mwenzake akainua mguu kabla nipo haijafungwa, upepo ukavutwa ndani tena. Ikawalazimu kuanza upya, na saa nzima ikapotea. Mwalimu hakugomba, alitazama saa yake tu, jambo ambalo wanafunzi huliogopa zaidi.

Alasiri, mikono ikiwa bado yanuka oili, waliingia darasani. Hapo ndipo mambo ya asubuhi yalipopata maelezo. Oili haikandamiziki, upepo hukandamizika. Ikiwa pistoni ya silinda kuu ina eneo la sentimita 3 za mraba, na ya gurudumu 15, nguvu huongezeka mara 5. Tena oili hunyonya unyevu. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; ikiisha kunyonya maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. Breki zikipata moto mteremkoni, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hukandamizika kama upepo. Kijana aliandika hesabu hiyo mara mbili.

Jioni mwalimu alikanyaga breki yeye mwenyewe mara tatu, akaliendesha gari uani, akalisimamisha ghafula. Ndipo alipotia sahihi katika daftari la mafunzo. Mwenye pikapu akapakia mitungi yake mitupu, maana maziwa ya alfajiri hayangoji.