Salamu za Hewani na Programu ya Kulipia: Desturi za Wanaredio wa Ridhaa katika Pwani ya Kilifi

Mtu apitaye Watamu, Malindi au kandokando ya hori ya Kilifi, yaani ule mkono wa bahari unaoingia bara chini ya daraja, akiona waya mwembamba umetandazwa baina ya minazi miwili na ncha yake imeingizwa dirishani, huelekea kudhani ama kwamba humo ndani mna mpelelezi, ama kwamba mna mzee asiye na habari kuwa simu zimekuja. Dhana hizo mbili ni za zamani na hazina madhara makubwa. Ya tatu ni mpya, nayo imeenea tangu baadhi ya programu za kompyuta wanazozitumia watu hao zilipoacha kutolewa bure na kuanza kuuzwa: husemwa kwamba ni mabahili, wenye redio za thamani ya pikipiki, ambao hupiga kelele wakiombwa dola 100 za programu. Asemaye hivyo hajaijua jamii anayoisema, kwa sababu ugomvi wenyewe ni wa desturi kabla ya kuwa wa bei, na desturi hiyo haifahamiki bila kueleza kwanza namna watu hao wanavyoamkiana, wanavyothibitishiana na wanavyofundishana.

Wanaredio wa ridhaa ni watu walioruhusiwa na serikali zao kurusha na kupokea mawasiliano ya redio kwa ajili ya kujifunza, kuzungumza na kufanya majaribio ya kiufundi. Kanuni za Redio za ITU, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, zinawaeleza kuwa ni watu wanaoipenda elimu ya redio kwa nia ya binafsi tu na bila maslahi ya kifedha. Kwa hiyo kutochuma si tabia njema waliyojipachika wenyewe, bali ni sharti la kuwapo kwao, na mwenye leseni anayekodisha mitambo yake ipeleke ujumbe wa mfanyabiashara huwa ameshatoka katika jamii hiyo. Nchini Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na chama chao ni Amateur Radio Society of Kenya, maarufu kwa ufupisho ARSK. Kila mwenye leseni hupewa ishara ya mwito, yaani jina la herufi na tarakimu lisilotumiwa na mwingine yeyote duniani. Ishara za Kenya zinazozoeleka huanza na 5Z4, iliyochukua nafasi ya VQ4 ya enzi za ukoloni, na mgeni, kama wale Waitalia wanaokuja Malindi na redio ndani ya masanduku yao, akishapata kibali hutanguliza 5Z4 mbele ya ishara ya kwao.

Desturi iliyo mama wa nyingine zote ni ile ya kuanza mazungumzo. Mwanaredio hasemi kabla ya kusikiliza. Akisikia kimya huuliza kwa msimbo wa Morse, kwa herufi tatu QRL na alama ya kuuliza, kama masafa hayo yana mtu, husubiri, huuliza tena, na ndipo aingie. Hiyo ni hodi ileile ya mlangoni, na anayeingia bila kuibisha hukaripiwa hewani kama anavyokaripiwa aingiaye uani mwa watu. Asipojibiwa hutuma CQ, wito kwa yeyote asikiaye, hufuatisha ishara yake mara mbili au tatu, na kumalizia kwa K, ambayo ni ruhusa ya kujibu. Anayejibu hutaja ishara zote mbili, husalimu, hutoa jina lake na mji wake, kisha hutoa taarifa ya tarakimu tatu: ya kwanza, kuanzia 1 hadi 5, hueleza kama maneno yanasomeka, ya pili, kuanzia 1 hadi 9, hueleza nguvu ya mawimbi, na ya tatu, ambayo ni ya Morse, hueleza usafi wa mlio. Taarifa kamili kabisa ni 599, na hapa pana unafiki mdogo uliokwisha kuvumiliwa na wote, kwani wakati wa mashindano kila mtu hupewa 599, hata yule ambaye imebidi aulizwe ishara yake mara nne. Baada ya hapo huja habari za hali ya hewa, za mitambo na za afya, na kuagana ni kwa tarakimu 73, zenye maana ya kila la heri.

Saa nazo zina adabu yake. Ili mtu wa Kilifi na mtu wa Osaka wasihitilafiane kuhusu wakati waliozungumza, wote huandika saa za ulimwengu zinazohesabiwa kutoka Greenwich, hivyo kwamba saa tatu ya usiku ya Kilifi huingizwa daftarini kuwa 1800, na mwanaredio wa Pwani huishi na hesabu tatu kichwani, ya Kiswahili, ya ofisini na ya hewani, bila kuzichanganya. Antena yake ni kazi ya mikono: kwa masafa ya megahezi 14, ambayo hubeba sauti mbali wakati wa mchana, hutosha waya wa kama mita 10 uliokatwa katikati, mita 5 kila upande, na mahali ambapo mlingoti wa chuma huliwa na chumvi ya bahari, mnazi hufaa zaidi, maana mgema apandaye asubuhi na jioni kwa ajili ya tembo anaweza kuombwa apande na kamba ya waya.

Mazungumzo yasiyothibitishwa huhesabiwa kuwa nusu ya mazungumzo. Kwa sababu hiyo kila mwanaredio huchapisha kadi ya QSL, yenye ukubwa wa kadi ya posta, sentimita 9 kwa 14, ambayo upande mmoja hubeba ishara yake kwa herufi kubwa pamoja na picha ya kwao, na upande wa pili huandikwa kwa mkono ishara ya mwandikiwa, tarehe, saa, masafa, aina ya urushaji, ile taarifa ya tarakimu tatu, na sahihi. Wanaredio wa Kenya ni wachache, kwa hiyo kadi ya 5Z4 hutafutwa. Kadi nyingi hupitia ofisi za vyama, ambako hupangwa kwa nchi na kutumwa kwa maboksi, na mtu huweza kungoja mwaka mzima au zaidi kabla ya kupata jibu la salamu aliyoitoa kwa dakika mbili. Subira hiyo ni sehemu ya utamu wake, na vijana wanaoicheka hawajui wanachokicheka. Mwenye haraka huitia kadi katika bahasha pamoja na bahasha ya kurudishia na noti ya dola moja au mbili za stempu. Fedha hiyo haikuwahi kuhesabiwa kuwa bei ya kadi, na mwenye kituo adimu akishukiwa kuwa amezigeuza kadi zake duka, husemwa vibaya duniani kote, kwa kuwa salamu iliyokwisha kutolewa haiuzwi upya.

Kuhusu mashindano, nishani za kuhesabu nchi na michezo ya kusaka kituo kilichofichwa msituni, inatosha kusema kwamba yapo.

Desturi ya kufundishana ndiyo iliyoguswa na biashara. Tangu mwanzo, aliyebuni mtambo alitoa mchoro wake wote ili mwenzake autengeneze na aurekebishe, na kompyuta zilipoingia, watu waliendelea vivyo hivyo: mwaka 1998 Mwingereza Peter Martinez alitoa PSK31, namna ya kuandikiana hewani kwa kutumia kompyuta ya kawaida yenye kadi ya sauti, akaeleza hadharani inavyofanya kazi, na wengine wakaijenga katika programu zao. Kufundishwa namna hiyo hakukuwa na risiti, na deni lake lililipwa kwa kumfundisha mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja Ham Radio Deluxe, iliyoandikwa na Mwingereza Simon Brown aliyekuwa akiishi Uswisi. Programu hiyo ilikusanya mahali pamoja kazi zilizokuwa zimetawanyika, yaani kuiongoza redio, kuandika daftari la mawasiliano, kusoma ujumbe wa kidijitali na kufuatilia setilaiti, nayo ilitolewa bure hata ikawa katika vituo vingi ndiyo daftari lenyewe. Mwaka 2011 ikauzwa kwa kampuni ya Marekani. Toleo la 5 likaachwa kuwa la bure bila kuendelezwa, na toleo la 6 likawa la kulipia, karibu dola 100, pamoja na ada ya kila mwaka kwa anayetaka kuendelea kupata marekebisho na msaada. Kwa kadiri ya shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 13,000 kabla ya ada, na kwa kijana wa Kaloleni au Ganze aliyeunganisha redio yake kutokana na vipuri, programu imekuwa ghali kuliko waya, risasi ya kulehemu na betri vikijumlishwa pamoja.

Lakini haikuwa bei iliyowachoma watu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilibainika kwamba ishara ya mwito ya mteja mmoja, aliyekuwa ameandika maoni mabaya kuhusu programu hiyo, iliwekwa katika orodha ya kuzuiwa, hata programu aliyoilipia ikakataa kufunguka. Kampuni iliomba radhi hadharani, na jambo hilo likapita; hata hivyo aibu yake haieleweki kwa asiyejua kwamba ishara ya mwito, katika jamii hii, ni jina la mtu na heshima yake, ambalo hutamkwa kabla ya kila neno na haliwahi kufichwa. Kulifanya jina hilo kuwa kufuli ni jambo ambalo hakuna kanuni ya zamani iliyolikataza, kwa kuwa halikuwahi kufikiriwa.

Mfano ulio karibu zaidi na Kilifi uko horini penyewe, ambako mashua za matanga za wageni hutia nanga zikingoja pepo. Nahodha mwenye leseni huweza kupokea barua pepe na taarifa za upepo akiwa mbali baharini kwa njia ya Winlink, mtandao wa kujitolea unaopitisha ujumbe kwa mawimbi mafupi bila malipo. Hata hivyo, ili ujumbe uende kwa kasi, wengi hutumia VARA, programu ya mwanaredio Mhispania, inayotolewa bure kwa kasi ndogo, na kwa dola 69 kwa kasi kamili, leseni yake ikifungamanishwa na ishara ya mwito ya mnunuzi. Bei hiyo ni ya haki kwa kazi aliyoifanya mtunzi, na nahodha mwenye mashua hawezi kulia njaa. Tatizo ni kwamba msimbo chanzi wake, yaani maandishi ya asili ambayo programu hujengwa kwayo, haukutolewa, na asikiaye mawimbi hayo kutoka Mnarani au Takaungu hawezi kujua kinachosemwa bila programu ileile. Kanuni za ITU zinataka mawasiliano ya wanaredio wa ridhaa yasifungwe kwa msimbo unaoficha maana. Kisheria inaweza kujadiliwa kama VARA inaficha, na jambo hilo limebishaniwa Marekani, lakini kwa kipimo cha desturi hakuna la kujadili: lugha ya hewani iliyo na mwenye duka haifundishiki.

Wanaolaumu fedha peke yake, hata hivyo, wanapaswa kuitazama programu ya bure iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko zote. WSJT-X, iliyoasisiwa na Joe Taylor, Mmarekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, ni bure na msimbo chanzi wake uko wazi kwa leseni huria. Na FT8, namna ya mawasiliano iliyotolewa kupitia programu hiyo mwaka 2017, huokota ishara ambazo sikio la mtu halizisikii kabisa. Kila zamu huchukua sekunde 15, na katika zamu hizo mna ishara za mwito, eneo, kipimo cha nguvu na 73. Hamna jina, hamna mji, hamna habari za mvua; kompyuta huamkia kompyuta, na mwenye kituo huweza kwenda kunywa chai. Kwa hiyo ile salamu ndefu iliyoelezwa hapo juu imeuawa zaidi na zawadi kuliko ilivyouawa na biashara, na ukweli huu haupendwi kusemwa na wanaoililia Ham Radio Deluxe. Tena jamii yenyewe haiwezi kujitoa lawamani, kwa maana kwa miaka mingi ilipokea kazi za watunzi wachache, ikadai marekebisho kama mdai anavyodai haki, na watu wachache tu ndio waliotuma chochote. Brown mwenyewe aliandika programu nyingine, SDR Console, ya kupokea redio kwa kompyuta, akaitoa bure.

Tofauti inayostahili kutetewa, basi, ni kati ya programu inayoacha njia ya kujifunza na ile inayoifunga, na mwanaredio wa Pwani alipe pale anapotakiwa kulipa, mradi anachokirusha kiweze kusomwa na mwanafunzi asiye na fedha. Wenye leseni walioko Malindi na Kilifi wangefanya vyema kuipeleka redio moja mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani na kuanza na masafa ya megahezi 14.100, ambako vituo 18 vya kutoa ishara kutoka pembe zote za dunia hupokezana, kila kimoja kwa sekunde 10, katika mzunguko wa dakika 3. Cha Kenya ni 5Z4B: hutaja jina lake kwa Morse, kisha hutoa mistari minne ya mlio, wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa 1 na wa mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati, na anayetaka kuvipokea vyote hahitaji kununua programu yoyote.